Fremu Niliyoivunja

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Awali ya yote naishukuru Kamati kwa kunipa nafasi ya kusimama katika ukumbi huu ambamo, mara ya mwisho niliposimama, nilikuwa nimesimamishwa kwa kosa la kuchelewa. (Kicheko.) Katibu alinitaka nizungumze juu ya ufundi. Nilimjibu kwamba ninalo jambo moja tu la kusema, nalo si la kujivunia. Akaniambia nije nalo hilo hilo.

Hapa mezani mnaona kipande cha bomba jeusi. Kipokezaneni mkono kwa mkono. Mtaona ni chepesi kama gunzi la muhindi. Hicho ni kipande cha fremu ya baiskeli ya kaboni, na aliyeivunja ni mimi.

Mimi ni mtu wa Kibaha. Baba yangu alikuwa kibarua katika ule mradi wa nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963 na kukabidhiwa kwa Serikali yetu mwaka 1970, ambao leo tunauita Shirika la Elimu Kibaha. Alikwenda kazini kwa baiskeli ya Raleigh, na kazi ya kuisafisha kila Jumapili ilikuwa yangu. Nilipoingia Kidato cha Kwanza hapa Kisarawe mwaka 1971, siasa ya Elimu ya Kujitegemea ilikuwa na miaka minne tu tangu itangazwe. Asubuhi tulikuwa darasani, jioni shambani. Mimi, kwa kuwa nilijua kuziba pancha, nilipewa kazi ya kutunza baiskeli za shule.

Tangu siku zile sijaacha spana. Nimefungua Raleigh za Uingereza, Phoenix za Uchina, Hero za India, na Swala zetu wenyewe zilizoundwa hapa hapa nchini. Zote zilikuwa za chuma, nzito, karibu kilo ishirini kila moja, na zote zilikuwa na sheria moja: kaza mpaka nati igome, halafu ongeza robo. Sheria hiyo ilinilisha miaka hamsini. Shikeni hapo, maana ndipo kisa chenyewe kinapoanzia.

Ninaye mjukuu. Yumo humu ukumbini, amenikataza nisimtaje jina. Alipofanya mtihani wa Kidato cha Nne mwezi Novemba, alikuwa na akiba aliyoianza tangu Kidato cha Pili kwa kufuga kuku. Wenzake walitaka simu. Yeye alikwenda Dar es Salaam kwa muuzaji wa vitu vya mitumba akarudi na fremu tupu ya baiskeli ya mashindano, pamoja na uma wake wa mbele. Haikuwa na magurudumu, wala cheni, wala usukani. Akaniambia, "Babu, tuiunde wenyewe. Tunayo miezi mingi kabla ya Kidato cha Tano kufunguliwa Julai."

Ndugu zangu, kaboni si chuma. Ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinazopangwa tabaka juu ya tabaka kwa pande mbalimbali, zikalowekwa gundi maalumu na kupikwa ndani ya kalibu. Mwaka 1986 Greg LeMond wa Marekani alishinda mashindano ya Tour de France akipanda baiskeli ya fremu ya namna hiyo. Ndege zile za Boeing 787 za Air Tanzania, ambazo ya kwanza ilipokelewa Julai 2018, mwili wake umejengwa kwa sehemu kubwa kwa nyuzi hizo hizo. Fremu ya kijana ilikuwa na uzito wa kilo moja na ushei. Ukiivuta nyuzi zake kwa urefu, ina nguvu za ajabu. Ukiiminya kwa ubavu mahali pamoja, ni kama ganda la yai.

Tulianza vizuri. Tuliikagua fremu kwa tochi, kisha tukaigonga kwa sarafu kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, tukisikiliza. Mahali pazima panalia kwa sauti kali. Palipoachana ndani panatoa sauti ya kufa. Ilikuwa nzima yote. Tukafunga beringi za krenki. Kijana alihangaika na kikombe cha kulia, kinakataa kuingia. Nikamwambia, "Zungusha kinyume." Upande ule nyuzi za skurubu zinakwenda kushoto, ili mwendo wa pedeli usiifungue. Nililijua hilo tangu Raleigh ya baba. Basi kichwa kikanivimba.

Tukakata mrija wa uma kwa msumeno wenye meno madogo, tukaulowesha maji na kujifunga vitambaa puani, kwani vumbi lake si zuri kwa mapafu. Tukaweka usukani, magurudumu, breki, tukapitisha nyaya za gia. Cheni tuliipima kwa kuizungusha kwenye gia kubwa mbele na kubwa nyuma, kisha tukaongeza pingili mbili. Kila alipokwama kijana alisoma maelekezo, nami nilimcheka. Nilimwambia, "Mimi nimefunga baiskeli kabla baba yako hajazaliwa."

Ikabaki nguzo ya siti. Siku hiyo kijana alikuwa ametumwa dukani Maili Moja. Nikasema nimalize, arudi aikute tayari. Nilifanya kama nilivyofanya kwa Phoenix mia moja: nikaipaka nguzo grisi, nikaitumbukiza, nikakaza bolti ya kibano. Nikakalia. Siti ikashuka. Nikakaza tena. Ikashuka tena. Nikachukua spana ndefu zaidi, nikakaza mpaka ikagoma, halafu nikaongeza robo.

Ikalia "ta!", kama kijiti kikavu.

Ufa ulikuwa mdogo, urefu wa ukucha, chini kidogo ya kibano. Nilipokisogeza kibano, uliuficha wote. Ndugu Mwenyekiti, nataka kusema kweli mbele ya vijana hawa: nilikisogeza. Nilikaa na jambo lile usiku mzima. Nilijiambia ni ufa wa rangi tu. Nilijiambia kijana ni mwepesi, haitavunjika. Lakini sikio langu lilikuwa limesikia mlio ule, na nilijua kwamba chuma kikichoka hupinda kwanza, kikakupa nafasi ya kushuka. Kaboni iliyopasuka haina adabu hiyo. Nikamwona mjukuu wangu kwenye mteremko wa Kibamba, malori nyuma yake, na siti inamkatikia chini.

Alfajiri nilimweleza bibi yake. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mficha uchi hazai," akaenda kuwasha moto.

Nilimwita kijana nikamwonyesha. Alinyamaza kwa muda mrefu. Miaka yake miwili ya kuku ilikuwa pale. Kisha akauliza, "Babu, uliipaka grisi?" Nikasema ndiyo. Akaleta maelekezo, akanisomea pole pole, bila dharau hata chembe. Yalisema grisi isipakwe pale. Ipakwe dawa maalumu yenye chembechembe kama mchanga laini, inayofanya nguzo ishike bila kuminywa sana. Na bolti ile isizidi kipimo cha nyutoni-mita 5. Wanafunzi wa fizikia wananielewa. Kwa ninyi wazee wenzangu, hiyo ni sawa na kuning'iniza mifuko mitano ya sukari ya kilo moja kwenye ncha ya spana yenye urefu wa sentimita 10. Basi, hapo unaacha. Spana yangu ilikuwa na urefu mara tatu ya huo, na mwishoni nilikuwa nimeegemea kwa mwili mzima.

Mnaona jinsi kosa lilivyojengeka. Grisi iliifanya nguzo iteleze. Kuteleza kukanifanya nikaze. Kukaza kukapasua. Kila hatua nilikuwa na hakika, na kila hatua uzoefu wangu wa miaka hamsini ndio ulionisukuma mbele.

Niliuza mbuzi watatu. Mwezi Mei tukapata fremu nyingine. Safari hii tulinunua kwanza spana yenye kipimo, ile inayotoa mlio ikifikia nguvu iliyowekwa. Tukabadilishana kazi: kijana alishika spana, mimi nikashika maelekezo na miwani. Alipofika kwenye nguzo ya siti mikono yangu ilinitetemeka, nikatamani kumwambia aongeze robo. Spana ikalia "tik". Akaiondoa. Akakalia siti, akarukaruka. Haikushuka hata unywele mmoja.

Julai, siku ya kuripoti shuleni, sanduku na godoro lilikuja nami kwa basi. Yeye alitangulia alfajiri kwa baiskeli: Maili Moja, Kibamba, Mbezi hadi Ubungo, akashika Barabara ya Mandela hadi Tazara, kisha Barabara ya Nyerere, Gongo la Mboto, Pugu, na ule mlima wetu wa Kisarawe ambao sote tumewahi kuulaani tukiwa na ndoo kichwani. Ni zaidi ya kilomita hamsini. Nilimkuta langoni amekaa chini ya mwembe, jasho limemkauka, anawaeleza wanafunzi wenzake gia zinavyofanya kazi. Sikusema kitu. Niliinama nikatazama chini ya kibano cha siti. Kilikuwa kizima.

Ninyi wanafunzi, mtaondoka hapa na vyeti, na wengine mtakuwa mafundi, wahandisi na madaktari. Itafika siku mtakayokuwa na uzoefu mkubwa kuliko kila aliye chumbani. Siku hiyo ndiyo ya kuogopa. Kuishi kwingi ni kuona mengi, lakini kitu kipya hakikuoni wewe mzee. Kina kipimo chake. Na mkivunja, semeni kabla mtu hajapanda.

Ninyi wazee wenzangu, tukubali kusomewa maelekezo na wajukuu. Hatupungukiwi kitu.

Nusu ya fremu ile nimebaki nayo nyumbani, imening'inia ukutani mahali ninapotundika spana zangu. Nusu hii, yenye ufa, naikabidhi leo kwa maabara ya fizikia ya shule yetu, pamoja na ile spana ndefu. Naomba vikae pamoja.