Tuhuma za Uongo za Mtalaka Mahakamani: Njia za Kisheria kwa Mkazi wa Ifo

Ndoa inapovunjika katika kambi ya Ifo, mzozo wa pesa za matunzo, ulezi wa watoto au madai ya kipigo huweza kufika kwa kadhi, kwa hakimu au kwa polisi. Kambi hiyo ya Dadaab, iliyofunguliwa mwaka 1991, iko chini ya sheria za Kenya kama ulivyo mji wa Garissa. Kwa Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010, kadhi husikiza masuala ya ndoa, talaka na mirathi pale tu wahusika wote ni Waislamu na wameridhia kusikizwa kwake. Tuhuma za jinai hazimhusu, na maslaha, yaani suluhu ya wazee, peke yake hayafuti kesi ya jinai.

Kinga iliyo bora imo ndani ya kesi ile ile. Anayetuhumiwa asipofika, amri yaweza kutolewa kwa kusikiza upande mmoja. Mkimbizi huhitaji kibali ili atoke kambini kwenda Garissa, kwa hiyo akipata wito akiombe mara moja; akichelewa kwa sababu ya kweli, aiombe mahakama itengue amri hiyo. Katika kesi ya jinai, Kifungu cha 50 cha Katiba kinampa haki ya kupinga ushahidi na kupewa mkalimani bila malipo.

Mbele ya hakimu, mume anayedaiwa kutotuma pesa za matunzo tangu Ramadhani anaweza kuleta taarifa ya M-Pesa, lakini karatasi hiyo pekee haitoshi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka iambatane na cheti cha anayehusika na mtambo uliotoa rekodi. Laini ikiwa imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, mwenye jina aje aeleze ni nani anayeitumia. Ujumbe wa sauti wa Kisomali nao utafsiriwe kwa maandishi.

Kumwadhibu aliyedanganya ni kazi ngumu zaidi. Kifungu cha 108 cha Kanuni ya Adhabu kinakataza kusema uongo kwa kujua, juu ya jambo lenye uzito katika kesi. Adhabu yafika miaka 7. Hata hivyo, kifungu cha 111 hakiruhusu mtu atiwe hatiani kwa neno la shahidi mmoja tu. Taarifa ya uongo kwa polisi ina adhabu ya hadi miaka 3. Malalamiko hupelekwa polisi, na uamuzi wa kushtaki ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Aliyeshtakiwa kwa hila anaweza kudai fidia akithibitisha mambo manne yaliyowekwa wazi katika kesi ya Mbowa dhidi ya East Mengo, 1972: mdaiwa ndiye aliyeanzisha mashtaka, hapakuwa na sababu ya msingi, kulikuwa na nia mbaya, na kesi ikaisha kwa manufaa ya mshtakiwa. Kudai fidia ya kashfa kwa maneno yaliyosemwa kizimbani hakufui dafu, kwa kuwa maneno hayo yana kinga.

Mtalaka kushindwa kuthibitisha dai si ushahidi kwamba alidanganya. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 ilikuwa na kifungu cha 38 kilichoadhibu tuhuma za uongo. Kilifutwa mwaka 2012, na ilikuwa haki kukifuta, kwani kiliwatia hofu walioumizwa kweli. Aliyewekewa amri ya ulinzi chini ya sheria ya 2015 ya kinga dhidi ya ukatili wa nyumbani asimwendee mtalaka kubishana naye. Aombe mahakama iibadilishe au iiondoe. Asiyeridhika na uamuzi wa kadhi hukata rufaa Mahakama Kuu, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inawataja wakimbizi miongoni mwa wanaoweza kuomba wakili wa bure.