Wasia Ulioandikwa Ughaibuni

Zile nyumba za ua na baraza ambazo katika mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, zimekuwa zikivunjwa kupisha maghorofa ya biashara, baadhi ya wenyewe wanaishi Muscat, London na Toronto. Na mtu wa namna hiyo, akiisha kutia sahihi wasia mbele ya wakili wa ugenini, hurejea kwake moyo umemtulia, akidhani wanawe wamekwisha kusitirika. Laiti ingekuwa hivyo! Ardhi hufuata sheria ya mahali ilipo. Na ikiwa mirathi ya marehemu huamuliwa kwa sharia ya Kiislamu, wasia wake haupiti thuluthi ya mali aliyoacha, wala haumfai mrithi ila kwa ridhaa ya warithi wenzake. Zito zaidi, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 iliweka kwamba asiye raia asigawiwe ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, jambo linaloweza kumgusa mtoto aliyekwisha kuchukua uraia wa huko ugenini. Nawasihi wazazi: andikeni wasia wa nyumba ya Kariakoo hapa nchini, usiotangua ule wa ng'ambo, muuweke amana kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA), na mumtaje wasii mkaazi wa mji huu, anayewajua watoto kwa majina.