CHUNGU CHA NYUMBANI KATIKA NCHI YA UGENI

Mazungumzo kwa wazazi wanaolea watoto Uingereza, na kwa jamaa zao waliobaki nyumbani



Mtu anapoagwa kwenye uwanja wa ndege aende Uingereza, jamaa zake humwuliza maneno mengi: atafikia kwa nani, atafanya kazi gani, atarudi lini. Ni wachache wanaomwuliza swali lililo karibu zaidi na maisha yake ya kila siku: watoto wake watakula nini, na ni nani atakayewapikia? Swali hilo laonekana dogo kwa sababu hapa nyumbani hujijibu lenyewe. Mama akiwa shambani, yuko nyanya, yuko shangazi, yuko dada mkubwa. Moto hauzimiki na mtoto halali njaa. Huko ng'ambo nyanya hayuko. Wako baba na mama, mlango uliofungwa kwa sababu ya baridi, na saa ya ukutani inayowahimiza kwenda kazini.

Wengi walioko nyumbani hudhani kwamba aishiye Ulaya hula vizuri bila taabu. Ni kweli kwamba maduka yamejaa. Lakini duka lililojaa si sawa na mtoto aliyelishwa. Mzazi atokaye kazini usiku, miguu ikimwuma, hushawishika kununua chakula kilichokwisha kupikwa, kilichotiwa katika karatasi, chenye chumvi na mafuta mengi. Siku moja haidhuru. Lakini siku moja ikiwa desturi, mtoto hukua asijue chakula cha kwao, wala mikono ya wazazi wake ikikitengeneza. Basi yafaa kuangalia jinsi jamaa iliyo ugenini iwezavyo kulinda chungu chake, kwa kuwa katika chungu hicho mna afya ya mtoto na lugha yake pia.

Kwanza yafaa kukumbuka kwamba chakula chaweza kusafiri pamoja na wenyewe. Katika mwezi wa Agosti, mwaka 1972, Idi Amin aliwaamuru Waasia wa Uganda waondoke katika nchi ile kwa muda wa siku 90. Watu zaidi ya 27,000 miongoni mwao waliingia Uingereza. Baraza la mji wa Leicester lilitia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, likiwashauri wasiende kukaa katika mji huo. Hata hivyo maelfu walikwenda, wakafanya kazi katika viwanda, wakafungua maduka. Fedha na nyumba zao walikuwa wameziacha nyuma, lakini mapishi hayakuweza kunyang'anywa na askari wa mpakani. Hata leo katika hoteli nyingi za Kihindi huko Uingereza mtu ataona chakula kiitwacho "mogo", kimekaangwa na kutiwa pilipili. Neno hilo ni muhogo wetu wa Kiswahili, lililochukuliwa kwa ulimi wa Kigujarati kutoka Afrika ya Mashariki. Wale waliofukuzwa waliwafundisha watoto wao kula muhogo, na watoto wakawafundisha wageni. Watu waliokwenda kwa hiari yao hawakosi njia ya kufanya vivyo hivyo.

Wala vitu vya kupikia si haba kwa mwenye kutafuta. Unga mweupe wa mahindi hupatikana katika maduka yanayouzia Waafrika, na mahali pasipo na duka la namna hiyo uko unga wa manjano wa Waitalia, uitwao polenta, ambao nao ni wa mahindi. Ugali wake una rangi nyingine, lakini hushiba mtu. Sukuma wiki ni jamii ya kabichi, na ndugu zake wako tele katika masoko ya Uingereza: ni zile kabichi za majani zisizofunga kichwa. Mchicha huuzwa na Wabengali, na Wajamaika nao wanao, huuita callaloo. Tui la nazi limo ndani ya mikebe. Muhogo uliomenywa na ndizi mbichi huuzwa katika maduka ya Wahindi na ya Waafrika. Ama chai, hiyo haina shida kabisa, kwa maana sehemu kubwa ya chai inayonywewa Uingereza hutoka katika mashamba ya Kenya. Mzazi mwenye kipande cha bustani aweza hata kupanda sukuma wiki yake mwenyewe, kwa kuwa mmea huo hustahimili baridi. Mahindi sharti yangoje mwezi wa Mei, hatari ya baridi kali ya usiku ikiisha.

Hapa pana onyo kwa jamaa walioko nyumbani. Upendo huwafanya wengi kumfungia msafiri nyama iliyokaushwa au maziwa ya kibuyu awapelekee wajukuu. Sheria ya Uingereza yakataza msafiri atokaye Afrika ya Mashariki kuingiza nyama na maziwa, kwa ajili ya kuzuia magonjwa ya mifugo. Vitu hivyo vitachukuliwa na kuharibiwa. Ni afadhali msafiri aelezwe vizuri jinsi ya kupika kitu chenyewe, kuliko kubebeshwa mzigo utakaotupwa.

Sasa kuna jambo la wakati. Katika nyumba nyingi za ugenini, baba hutoka kazini saa ambayo mama anaingia. Mathalani, mama anahudumia wagonjwa usiku, na baba anafanya kazi ya ghala mchana. Hukutana mlangoni, mmoja akivua koti na mwingine akilivaa. Nyumba ya namna hiyo haiwezi kuongozwa na desturi isemayo kwamba jiko ni la mwanamke peke yake. Hapa nyumbani desturi hiyo ilisimama kwa sababu mwanamke alikuwa na wanawake wenziwe wa kumsaidia. Mahali ambapo hawapo, mume asiyeshika mwiko huwalaza watoto wake na njaa, au humtwika mkewe mzigo wa watu wanne. Mwanamume awezaye kuongoza gari katika barabara za London hashindwi na ugali. Na kijana wa kiume amwonaye baba yake akipika hujifunza kwamba kulisha watoto ni heshima ya mzazi.

Dawa ya pili ya uhaba wa wakati ni kupika kwa matengenezo. Siku ya mapumziko hupikwa githeri nyingi, au maharagwe, au mchuzi, kisha hugawanywa katika vyombo vidogo na kuwekwa katika friji ya kugandisha. Siku ya kazi hutolewa chombo kimoja, hupashwa moto mpaka kikawa moto kabisa, na ugali husongwa kwa dakika chache. Lakini maharagwe mekundu yana hatari ambayo wengi hawaijui. Yakiwa hayakuiva vizuri, humtapisha mtu na kumharisha vibaya. Yafaa yalowekwe usiku kucha, maji hayo yamwagwe, yatiwe maji mengine, yachemke kwa nguvu muda usiopungua dakika 10, ndipo yaachwe yaive polepole. Kile chungu cha umeme kipikacho kwa moto mdogo siku nzima hakipati joto la kutosha kuiondoa sumu hiyo. Basi maharagwe yachemshwe kwanza mahali pengine.

Hatari nyingine ni ya makaa. Mtu aliyezoea nyama choma na harufu ya jiko la makaa huona baridi nje, akashawishika kuliingiza jiko ndani. Hilo lisifanywe kamwe, hata moto ukionekana umekwisha. Nyumba za nchi za baridi huzibwa kila upenyo, na makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huwaua watu wakiwa usingizini. Nyama choma na ingoje siku ya jua, ipikwe nje.

Jua lenyewe nalo lataka kufikiriwa. Hapa kwetu hakuna mama anayelihesabu jua kuwa chakula, kwa maana liko kila siku. Lakini ni kwa nguvu ya jua mwili hutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo mifupa ya mtoto hulainika, miguu ikapinda, akapata matege. Kuanzia Oktoba hadi mwanzo wa Machi jua la Uingereza ni dhaifu, haliwezi kufanya kazi hiyo. Tena ngozi nyeusi, iliyo ngao yetu katika jua kali, huhitaji jua jingi zaidi kuliko ngozi nyeupe. Kwa sababu hiyo madaktari wa serikali ya Uingereza hushauri kwamba watu wenye asili ya Afrika wafikirie kutumia maikrogramu 10 za vitamini D kila siku, mwaka mzima. Watoto wenye umri wa mwaka mmoja hadi minne nao hupaswa kupewa kiasi hicho kila siku, na mtoto mchanga anyonyaye maziwa ya mama hupewa maikrogramu 8.5 hadi 10 tangu kuzaliwa. Mtoto anywaye zaidi ya nusu lita ya maziwa ya kopo kwa siku haihitaji, kwa kuwa imo ndani ya maziwa hayo. Mayai na samaki wenye mafuta, kama vile dagaa wa mkebe, husaidia, lakini havitoshi peke yake. Mama asidhani kwamba kwa kuwa yeye alikua na mifupa mizuri bila dawa huko Machakos au Kakamega, mwanawe atakua hivyo hivyo katika ukungu wa Manchester.

Mtoto akifikia umri wa kwenda shule, chungu cha nyumbani hupata mpinzani. Katika England, tangu mwaka 1014 na 1000 kuongezwa juu yake, yaani 2014, watoto wa miaka mitatu ya kwanza ya shule za serikali hupewa chakula cha mchana bure. Hilo ni jambo jema, nalo humpunguzia mzazi gharama. Lakini mtoto hurudi nyumbani akiwa na ulimi mwingine na maneno mengine. Siku moja atasema kwamba hataki ugali kwa sababu wenziwe wamecheka alipowaambia kwamba nyumbani huliwa kwa mkono. Mzazi hufanya kosa akimpiga, na hufanya kosa kubwa zaidi akimkubalia na kuiondoa sufuria. Yafaa amkaribishe yule mtoto aliyecheka aje ale chapati. Ni nadra mtoto kuicheka chapati ya moto aliyoisukuma mwenyewe.

Hapo ndipo ulipo moyo wa maneno haya. Mtoto hajifunzi lugha kwa kuamriwa aiseme. Hujifunza kwa kuitumia katika kazi anayoipenda. Wako wazazi wanaoacha kabisa kusema na watoto wao Kiswahili, au Kikamba, au Kiluo, kwa kuogopa kwamba Kiingereza kitachelewa. Hofu hiyo haina msingi. Mtoto aweza kukua na lugha mbili, hata tatu, na Kiingereza shule itamfundisha. Lugha ya nyumbani haina mwalimu mwingine ila wazazi. Basi mtoto na aitwe jikoni. Aambiwe: chambua mboga, pepeta mchele, kanda unga, onja chumvi, funika sufuria. Kwa mwaka mmoja wa kazi hiyo atakuwa na maneno mengi yasiyofundishwa darasani, na kila neno litakuwa na harufu yake.

Fikirini nyumba moja ya mfano. Nyanya yuko kijijini, ameshika simu kwa mikono miwili. Mjukuu yuko ng'ambo, ana miaka saba. Wamesalimiana, kisha wamenyamaza, kwa kuwa hawana maneno ya kupeana. Nyanya anamrudishia simu mwenye nyumba, na machozi yako karibu. Hakuna fedha iwezayo kuyanunua maneno yaliyokosekana hapo. Lakini mjukuu akijua kusema, "Nyanya, leo nimepika maharagwe, mbona hayakuwa mazito?" nyanya hupata kazi ya kufanya. Atauliza yalilowekwa muda gani, atacheka, atamfundisha, na jumapili ijayo atataka kupewa habari. Bahari iko pale pale katikati yao, lakini wanapika chungu kimoja.

Kwa hiyo jamaa mlioko nyumbani mna sehemu yenu. Mnapowapigia simu walioko ng'ambo, msiulize habari za fedha peke yake. Ulizeni watoto wamekula nini, na ni nani aliyepika. Waambieni jinsi mlivyopika ninyi. Nanyi wazazi mlioko ugenini, msingoje mpate kila kitu kama kilivyokuwa nyumbani. Unga ukiwa wa manjano, usongeni huo huo. Chagueni siku moja katika juma, hata kama ni moja tu, ambayo jamaa yote itaketi pamoja mbele ya chakula kilichopikwa na mikono yao, na kusema lugha yao.

Wahenga walisema: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Hawakusema kwamba ni lazima aleewe penye jua au penye baridi. Walisema juu ya malezi tu, nayo huanza pale chungu kinapotelekwa na mtoto akaitwa aje akitazame.