SIMU ISIYO NA WAYA: KUIFUNGA NA KUITUMIA KWA USALAMA

Mazungumzo kwa watumishi wa umma na wakazi wa Bilele, Bukoba, na wa visiwa vya Muleba




Mji wa Bukoba una fundisho lake la kale kuhusu mawasiliano yasiyopita katika waya. Mwezi Juni 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, askari wa Uingereza walivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu, wakapigana na Wajerumani, wakauteka mji kwa muda mfupi, wakaharibu boma na mtambo wa simu ya upepo, kisha wakarudi walikotoka. Hawakuja kukaa. Walikuja kuunyamazisha mji. Fundisho lake ni kwamba penye njia moja tu ya mawasiliano, njia hiyo ikizimwa watu wote hubaki kimya.

Leo hakuna adui anayevuka ziwa. Hata hivyo ofisi au nyumba inayotegemea simu moja isiyo na waya yaweza kunyamazishwa na jambo dogo kuliko vita: umeme kukatika, radi kupiga, au betri kuisha. Mazungumzo haya yanaeleza namna ya kuifunga simu hiyo, kuitumia kwa hadhari, na kutoitegemea peke yake.

SIMU INAYOZUNGUMZIWA

Watu huita simu nyingi kwa jina hilo moja, nazo ni za aina tatu. Ya kwanza ni simu ya mezani yenye kitako kilichounganishwa na laini ya simu, pamoja na mkonga unaobebwa huku na huku ndani ya jengo. Ya pili ni simu ya mezani inayotumia kadi ya simu na kupata mawasiliano kutoka mnara wa kampuni. Ya tatu ni simu ya mkononi. Inayozungumziwa hapa ni ile ya kwanza.

Jina la simu hiyo huwapotosha wengi. Kisicho na waya ni mkonga tu. Kitako chake kina nyaya mbili: mmoja huenda kwenye laini ya simu na mwingine kwenye soketi ya umeme. Baina ya kitako na mkonga sauti husafiri angani kwa mawimbi ya redio. Kwa hiyo simu hii ina milango mitatu ya kuingilia madhara, yaani umeme, laini ya simu na anga. Anayeielewa milango hiyo mitatu ameuelewa usalama wake wote.

KUCHAGUA CHOMBO

Simu nyingi za namna hii huletwa na ndugu walio ng'ambo kama zawadi. Zawadi ni jambo jema, lakini kabla ya kuifunga yafaa kukagua mambo mawili.

Kwanza, umeme. Marekani hutumia umeme wa volti 120, na Tanzania hutumia volti 230. Adapta iliyoandikwa volti 120 peke yake ikichomekwa hapa huungua mara moja, na yaweza kuwasha moto. Adapta iliyoandikwa 100–240 inafaa pote.

Pili, masafa ya redio. Simu za kidijitali zilizotengenezwa kwa kanuni za Ulaya hutumia masafa ya megahezi 1880 hadi 1900. Zile za Marekani hutumia 1920 hadi 1930, na masafa hayo katika nchi zetu ni sehemu ya yale yanayotumiwa na mitandao ya simu za mkononi. Mtu mmoja mwenye simu kama hiyo yaweza kuwasumbua majirani zake bila kujua. Ndiyo sababu vyombo vya mawasiliano hutakiwa kuthibitishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kabla ya kuingizwa na kuuzwa. Mambo ya posta na simu ni ya Muungano, hivyo sharti hilo linamhusu mkazi wa Bukoba sawasawa na mkazi wa Unguja na Pemba.

KUFUNGA

Mfungaji azingatie yafuatayo:

(a) Kitako kiwekwe mahali pa juu na katikati ya jengo. Mawimbi yake hufika kiasi cha meta 50 ndani ya nyumba na meta 300 mahali pa wazi. Kuta nene za tofali na zege hupunguza umbali huo, na bati na chuma huuzuia zaidi.

(b) Kisiwekwe juu ya kabati la chuma, wala karibu na televisheni, jokofu au jiko la maikrowevu.

(c) Kisiwekwe dirishani. Bukoba ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi nchini, na unyevu wa ziwa huingia ndani ya vyombo polepole mpaka vikapata kutu.

(d) Adapta iliyokuja na simu ndiyo itumike, nayo ichomekwe kwenye soketi ya ukutani. Kuunganisha vyombo vingi katika soketi moja ni chanzo cha moto.

(e) Betri za mkonga ni za kuchajiwa, na kila moja ina volti 1.2. Betri za tochi zisiwekwe ndani yake kamwe. Zikichajiwa huvuja na zaweza kupasuka.

(f) Betri mpya ichajiwe kwa muda wote uliotajwa katika kijitabu cha simu kabla ya mkonga kuanza kutumika.

Wapo wanaouliza kama mawimbi hayo yanadhuru mwili. Kitako cha kidijitali hutoa kwa wastani nguvu ndogo sana, kiasi cha milliwati 10 wakati wa mazungumzo, ambayo ni chini ya nguvu inayoweza kutolewa na simu ya mkononi. Mwaka 2011 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliyaweka mawimbi ya redio katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, bila kusema kwamba jambo hilo limethibitika. Busara ni kutokiweka kitako karibu na mto wa kulalia. Mwenye chombo cha kuendesha mapigo ya moyo afuate maelekezo ya daktari wake.

UMEME UNAPOKATIKA

Hapa ndipo penye hatari iliyo kubwa kuliko zote. Kitako kikikosa umeme, mkonga hauna wa kuzungumza naye, hata kama betri yake imejaa. Mtu hubonyeza namba wala hasikii mlio wowote.

Simu ya zamani yenye mkonga wa waya, iliyounganishwa na laini ya shaba, haihitaji soketi ya umeme. Umeme wake mdogo hutoka kituo cha simu kwa kupitia laini yenyewe. Kwa sababu hiyo taa zinapozimika mtaa mzima, simu hiyo yaweza kuendelea kuita. Ofisi iliyoiondoa simu ya waya na kuweka isiyo na waya kwa kufuata wakati imepata wepesi na kupoteza kinga.

Hata hivyo ipo tahadhari kwa waliounganishwa na faiba. Laini ya faiba haichukui umeme. Kisanduku cha ukutani kinachogeuza mwanga kuwa sauti kinahitaji umeme wa jengo, na kikizimika hata simu yenye waya huzimika pamoja nacho. Mwenye laini ya faiba anahitaji betri ya akiba kwa ajili ya kisanduku na kwa ajili ya kitako. Vyombo hivyo viwili havili umeme mwingi, na kifaa kidogo cha akiba kinaweza kuvihudumia kwa saa kadhaa.

Jambo hili si dogo. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku, nyumba inayoungua, au mlinzi aliyevamiwa hawawezi kungoja umeme urudi. Wakazi wa Kagera hawajasahau tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ardhi la ukubwa wa 5.9 lilipobomoa nyumba na kuua watu. Siku za namna hiyo ndizo ambazo kila mtu hutafuta simu kwa wakati mmoja. Namba za dharura, 112 ya Polisi na 114 ya Zimamoto na Uokoaji, ziandikwe katika karatasi karibu na simu, maana namba iliyohifadhiwa ndani ya mkonga uliozimika haimsaidii mtu.

RADI

Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye ngurumo na radi nyingi duniani. Radi si lazima iipige nyumba ndipo idhuru. Ikipiga nguzo au ardhi iliyo mbali, nguvu yake husafiri katika nyaya za umeme na za simu mpaka ndani.

Kwa usalama wa mwili, mkonga usio na waya ni bora kuliko ule wenye waya wakati wa radi, kwa kuwa hakuna waya unaomfikia mzungumzaji. Simu yenye waya isishikwe kabisa ngurumo zinaposikika. Lakini kitako chenyewe kiko hatarini zaidi, kwa kuwa kimeshikwa na nyaya mbili, na radi huweza kuingia kwa huu na kutokea kwa ule.

Kwa hiyo, mawingu yanapokusanyika juu ya ziwa na kabla ngurumo hazijasikika, plagi ya umeme na waya wa laini ya simu vichomolewe vyote viwili. Kuchomoa kimoja na kuacha kingine ni sawa na kufunga mlango na kuacha dirisha wazi. Ngurumo zikisha kuanza, nyaya zisiguswe tena. Ni heri chombo kiungue kuliko mtu. Wakati huo itumike simu ya mkononi ambayo haijaunganishwa na chaja. Majengo ya ofisi yawekewe vizuia radi na waya wa ethi uliokaguliwa na fundi mwenye leseni.

SIRI ZA OFISI

Mlango wa tatu ni anga. Simu zisizo na waya za miaka ya 1980 na 1990 zilitumia mawimbi yasiyofichwa, nyingi zikiwa katika masafa ya megahezi 46 na 49. Mwenye redio ya kutafuta masafa aliweza kuketi nje ya ua na kusikiliza mazungumzo yote. Baadhi ya simu hizo hazikuwa na namba ya siri, hivyo mkonga wa jirani uliweza kupiga simu kwa laini ya mwingine, na bili ikamfikia asiyepiga. Simu ya aina hiyo ikipatikana bado katika kabati la ofisi, isirudishwe kazini.

Simu za kidijitali ni salama zaidi, kwa kuwa kitako huutambua mkonga wake na sauti huweza kufichwa kwa hesabu maalumu. Lakini si watengenezaji wote waliouwasha ufichaji huo. Mwezi Desemba 2008, katika mkutano uliofanyika Berlin, wataalamu walionyesha kwamba mazungumzo ya baadhi ya simu hizo yanaweza kunaswa kwa kompyuta na kadi ya bei nafuu. Aidha, namba ya siri ya kiwandani, ambayo mara nyingi ni 0000, huachwa vilevile kwa miaka. Ibadilishwe siku ya kwanza. Mkonga ukipotea, ufutwe katika kumbukumbu ya kitako.

Maneno ya ofisi ni amana. Ugonjwa wa mtu, shauri la mtumishi, zabuni isiyofunguliwa na namba za fedha havizungumzwi katika mkonga usio na waya. Vizungumzwe ana kwa ana, au kwa barua ya siri, au angalau kwa simu yenye waya ndani ya chumba kilichofungwa. Ikumbukwe pia kwamba mkonga humfuata mtumishi hadi ukumbini na barazani, na huko msikilizaji hahitaji chombo chochote zaidi ya masikio yake.

VISIWANI

Kwa wakazi wa Bumbire, Ikuza, Goziba, Kerebe na Mazinga, mipaka ya simu hii ni myembamba zaidi. Mkonga haufiki mwaloni, wala haumfuati mvuvi majini. Hata kisiwa cha Musira, kinachoonekana kwa macho kutoka ufuko wa Bukoba, hakifikiwi na mkonga uliosajiliwa kwa kitako kilichoko mjini. Anayesafiri ziwani abebe simu ya mkononi iliyochajiwa na kufungwa ndani ya mfuko usiopitisha maji, na chombo kikubwa kiwe na redio ya VHF, ambayo chaneli yake ya 16 ndiyo ya kuomba msaada. Mkoa uliozika watu wake baada ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996 hauhitaji kufundishwa thamani ya wito wa msaada unaosikika mapema.

HITIMISHO

Kila simu ina wakati wake. Isiyo na waya ni ya kazi za kila siku, yenye waya ni ya siri na ya giza, ya mkononi ni ya radi na ya safari. Wakuu wa ofisi na wenye nyumba wanashauriwa kufanya jaribio moja katika wiki hii, mchana na kukiwa na utulivu: plagi ya kitako ichomolewe, kisha itazamwe ni simu ipi iliyobaki inayoweza kupiga 112. Iwapo hakuna, upungufu umegunduliwa kabla ya msiba.

Tahadhari kabla ya athari.