Injini Inayopuliziwa Hewa

Ndugu msikilizaji, ukipanda lori kutoka Mpanda kwenda Sumbawanga, injini itakueleza jambo ambalo macho hayalioni. Mpanda iko mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukishapita Sitalike na kuanza kupanda kuelekea Ufipa, unakwenda kwenye mita 1,800. Huko hewa ni nyepesi, na injini isiyo na msaada hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Lori lililotoka kiwandani na nguvu za farasi 150 linafika Sumbawanga na kama 125. Dereva anakanyaga mafuta, hewa ya kuyaunguza haitoshi, moshi mweusi unafumka, na tanboi anaruka chini na jiwe mkononi kuzuia gurudumu.

Dawa ya ugonjwa huu ni kuishindilia injini hewa kwa nguvu. Wamarekani waliijua zamani, ingawa wao waliitumia zaidi kwa kutambiana barabarani. Mwaka 1957 kampuni ya Studebaker iliuza gari liitwalo Golden Hawk, lenye injini ya silinda nane iliyofungwa supachaja, yaani feni ya kusukuma hewa inayozungushwa kwa mkanda. Nguvu zake zilikuwa farasi 275. Mwaka huo huo Ford nao walitoa Thunderbird za namna hiyo, farasi 300, lakini zilikuwa 200 hivi tu. Kwa nini chache? Wasimamizi wa mbio za NASCAR walipiga marufuku supachaja katikati ya msimu ule ule, na hamu ya wenye kiwanda ikaishia hapo. Leo matajiri wanazitafuta kama almasi.

Supachaja ana ndugu yake, naye ni tabo. Huyu hazungushwi na mkanda bali na moshi wa ekzosi, kitu ambacho kingepotea bure. General Motors walimweka kwenye Oldsmobile Jetfire mwaka 1962. Gari lile lilikuwa na tangi dogo la maji yaliyochanganywa na spiriti ili injini isigonge. Tangi likikauka, nguvu zinapungua. Wenye magari wakasahau kujaza, wakalalamika, na magari mengi yakaishia kung'olewa tabo. Hao ni Wamarekani, ndugu msikilizaji, wenye gereji kila kona!

Huku kwetu wengi walikutana na tabo kupitia mashindano ya Safari Rally nchini Kenya. Mwaka 1984 Björn Waldegård wa Sweden alishinda na Toyota Celica yenye tabo, akashinda tena mwaka 1986. Mwaka huo wa 1986 Markku Alén alishika nafasi ya tatu na Lancia 037, nayo ya supachaja. Kwenye nyanda za juu zile, kupuliza hewa hakukuwa anasa.

Wala si anasa kwa Fuso inayobeba mpunga wa Katavi. Lakini fundi mmoja pale Mpanda alinionyesha tabo zilizokufa, zimepangwa ukutani kama sufuria za harusi. Ekseli ya tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nayo haikalii kitu kingine ila utando mwembamba wa oili. Dereva anamaliza mlima, anafika stendi, anazima injini papo hapo kwa sababu abiria wanapiga kelele. Oili inasimama, tabo ingali inazunguka na bado ni ya moto, na oili iliyobaki inaungua na kuwa masizi. Ongeza vumbi linalopenya kwenye chujio la hewa lililotoboka, na tajiri anayeahirisha kubadili oili hadi mavuno.

Tabo ikifa, wapo wanaoing'oa na kuendelea na safari. Hapo ndipo ninapoogopa. Injini iliyopimiwa mafuta ya kutumia na tabo sasa haina hewa, inachemka mlimani, na nyuma juu ya magunia wamekaa akina mama na watoto. Matajiri wa magari mnaolipa madereva kwa idadi ya safari, mjue kwamba mnalipia haraka hiyo. Mpeni dereva dakika tatu za kuacha injini ingurume taratibu kabla hajazima. Fundi yule hutoza fedha nyingi zaidi ya dakika tatu.