Mizani ya Bei na Haki ya Mnyonge



Tumezoea kuitetea kura kwa kuwa kura ni sauti ya mwananchi. Leo twaomba tuitazame takwimu moja ambayo haipigiwi kura, lakini huingia katika maamuzi ya mishahara, kodi na riba. Takwimu hiyo ni mfumuko wa bei. Asiyeielewa hutawaliwa kwayo.

Mfumuko hupimwa kwa fahirisi ya bei. Wapimaji huteua kapu la vitu vinavyonunuliwa na kaya: unga, sukari, kodi ya nyumba, nauli, karo. Kila kitu hupewa uzito kulingana na sehemu ya matumizi inayokwenda kwacho. Kila mwezi bei za kapu lilo hilo hukusanywa na kulinganishwa na za kipindi cha msingi, ambacho huhesabiwa kuwa 100. Ongezeko la fahirisi kwa miezi 12 ndilo linalotangazwa kuwa mfumuko wa mwaka.

Jambo la kwanza: kushuka kwa mfumuko si kushuka kwa bei. Fedha nyingi zilimwagwa nchini wakati wa uchaguzi wa Desemba 1992, na mwaka 1993 mfumuko ulikaribia asilimia 46. Mwaka 1994 ulikuwa kama asilimia 29, na mwaka 1995 ukawa chini ya asilimia 2. Je, bei zilirudi zilikotoka? La, hasha. Kapu lililogharimu shilingi 100 mwaka 1992 liligharimu takriban shilingi 190 mwaka 1995. Mfanyakazi ambaye mshahara wake haukupanda alikuwa amepoteza karibu nusu ya uwezo wake wa kununua. Anayetangaza kwamba mfumuko umeshuka huenda asema kweli. Anayetaka tuamini kwamba kwa hiyo maisha yamekuwa nafuu, atuhadaa.

Jambo la pili: kapu hilo ni la nani? Katika kapu lililoanza kutumika nchini mwaka 2020, chakula na vinywaji visivyo vileo vilipewa uzito wa asilimia 32.91. Huo ni wastani wa walio nacho na wasio nacho. Tuseme chakula kimepanda kwa asilimia 20 na vingine vyote havikubadilika. Fahirisi itapanda kwa asilimia 6.6 hivi. Lakini kaya inayotumia asilimia 60 ya fedha zake kwa chakula imetwikwa mzigo wa asilimia 12. Mwajiri akiongeza mshahara kwa asilimia 6.6, mkataba umetimizwa kisheria, na watoto wamelala njaa.

Jambo la tatu: nani ashikaye mizani? Zamani takwimu zilikuwa kazi ya idara iliyo ndani ya wizara. Sheria ya Takwimu ya 2006 ikaunda Shirika la Kitaifa la Takwimu. Mwaka 2009 shirika hilo lilibadili kanuni ya kukokotoa wastani wa bei, na kiwango kilichotangazwa kikashuka ghafla. Wataalamu walieleza kwamba kanuni ya awali ilikuwa ikiuzidisha mfumuko. Hatusemi kwamba walikosea. Twasema kwamba siku hiyo bei sokoni hazikubadilika. Kilichobadilika ni kipimo, na mwananchi ana haki ya kuelezwa tofauti hiyo.

Basi tufanyeje? Katiba ya 2010, Kifungu cha 35, yatupa haki ya kupata habari. Kifungu cha 43 chatupa haki ya kutokuwa na njaa. Tuzitumie pamoja. Kila parokia na kila tawi liandike bei za kapu la nyumba maskini, mwezi baada ya mwezi, katika duka lile lile na soko lile lile. Tudai fahirisi ya kaya za kipato cha chini itangazwe kwa sauti ile ile inayotangaza wastani wa taifa. Na vyama vya wafanyakazi viandike katika mikataba ni fahirisi ipi itakayofuatwa.

Maandiko yanamlaani mfanyabiashara mwenye mizani ya hila. Serikali nayo haikusamehewa sharti hilo.