Si Kila Tumbo Linalouma Lina Vidonda

Msikilizaji, katika miaka ya 1860 fundi cherehani wa miaka 27 alilazwa mjini Freiburg, Ujerumani. Alikuwa na homa, misuli imemwishia nguvu, na tumbo halimpi nafuu. Baada ya mwezi hivi akafariki. Madaktari Adolf Kussmaul na Rudolf Maier walipoupasua mwili walikuta ateri zake, hata zile za utumbo, zimejaa vinundu. Dhana yao ya kwanza? Minyoo!

Haikuwa minyoo. Kuta za ateri zenyewe ndizo zilizovimba. Ugonjwa huo leo huitwa poliateritisi nodosa, na ni wa ukoo wa vaskulaitisi: kinga ya mwili huigeukia mishipa ya damu na kuishambulia.

Utumbo huadhibiwa kwa kufanya kazi yake. Mtu akila, utumbo huhitaji damu nyingi zaidi ili kumeng'enya na kufyonza chakula. Ateri iliyovimba njia yake ni nyembamba, damu haitoshi, na nusu saa au saa moja baada ya kunawa mikono maumivu yanaanza. Mgonjwa huanza kuogopa chakula. Anamega matonge mawili, anasukuma sahani, na baada ya muda nguo zinampwaya. Sehemu ya utumbo ikikosa damu kabisa hufa, na inaweza kutoboka. Hapo hakuna kusubiri kesho, ni upasuaji.

Wengine hutibiwa vidonda vya tumbo kwanza. Daktari asilaumiwe haraka: vidonda ni vingi, ugonjwa huu ni nadra. Lakini vidonda vya tumbo havimfanyi mtu aburute mguu, wala havimletei ganzi ya ghafla mkononi au madoa ya zambarau miguuni. Dalili hizo zikiandamana na maumivu ya tumbo, zitajwe zote kwa pamoja, hata kama mgonjwa anaona hazihusiani.

Matibabu huanza na predinisoloni, dawa ya kutuliza kinga. Hali ikiwa mbaya huongezwa nyingine kali zaidi. Kabla ya hapo, damu ipimwe virusi vya homa ya ini aina B, kwa kuwa ni miongoni mwa vichochezi vya ugonjwa huu, na mwenye navyo huhitaji pia dawa za kuvidhibiti. Kenya na Tanzania zilianza kuwachanja watoto wote dhidi ya virusi hivyo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wewe uliyezaliwa kabla ya hapo, umewahi kupima?